Laini mbili, mtaro mmoja

(Hotuba kwa mafundi mitandao wa hospitali, vyuo na SACCOS, Dar es Salaam. Nimeisafisha kidogo kwa ajili ya kusomwa.)

Ndugu mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu wa rika habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuweka faiawali, zile mashine za kulinda na kuongoza mtandao, zipokezane pale moja inapoanguka, na namna ya kugawa mzigo kwenye laini zaidi ya moja. Wauzaji huyataja mambo haya kwa pumzi moja: weka laini mbili, upate kasi maradufu na usikatike kamwe. Mimi nasema mambo haya yanavutana. Laini inayobeba kazi ya kila siku haiwezi kuwa akiba papo hapo, na fundi asiyeamua mapema ipi ni ipi, ataamuliwa na siku ya tukio.

Tupige hesabu. Chuo kina faiba ya megabiti 50 na laini ya redio, yaani isiyo na waya, ya megabiti 20. Fundi anaziweka zote daraja la kwanza, anazipa uzito wa 5 na 2, mambo yananyooka. Watu wanazoea. Muhula haujaisha, matumizi ya saa nne asubuhi yanafika megabiti 60. Siku moja faiba inakatika. Faiawali inatimiza wajibu wake: inaitoa faiba kwenye kundi na kuwahamishia wote kwenye redio. Mahitaji ya 60 yanaingia kwenye 20. Kwenye skrini ya fundi upokezaji umefaulu, rangi ya kijani imetulia. Huko maofisini hakuna anayeweza kufungua hata barua pepe, na mkuu wa chuo anauliza ile pesa ya laini ya pili ilikwenda wapi. Kwa kweli anauliza swali zuri.

Halafu hata ile 70, yaani 50 na 20 kwa pamoja, ni ya ofisi nzima, si ya mtu mmoja. Faiawali haigawi pakiti moja moja, inagawa miunganisho. Muunganisho ukishapangiwa laini unabaki humo hadi uishe. Daladala mbili hazibebi kontena hata ukizifunga kamba. Anayepakua faili moja kubwa atapata 50 au atapata 20, kutegemea bahati yake.

Nitazungumza kwa mifano ya programu za faiawali, pfSense na ndugu yake OPNsense, kwa kuwa ndizo ninazozikuta kwenye taasisi zisizo na bajeti ya leseni. Mwenye Fortinet au Cisco atabadili majina ya menyu, mantiki haibadiliki. Huko laini hupangwa kwenye makundi ya malango, lango likiwa mlango wa kila laini kwenda nje. Zikiwa daraja moja zinagawana mzigo. Zikiwa madaraja tofauti, ya chini inangoja ya juu ife. Hakuna kinachokuzuia kutengeneza makundi matatu kwa laini zilezile mbili, na huo ndio ushauri wangu. Kundi moja linaloanza na faiba na kuangukia redio, la pili linaloanza na redio na kuangukia faiba, la tatu la kugawana. Kisha unakaa na wakuu wa idara, mnaulizana: siku tukibaki na megabiti 20, nani apite? Mfumo wa wagonjwa upite. Malipo kwa namba ya kumbukumbu yapite. Simu za ofisi zipite. Video na masasisho ya Windows yasubiri.

Hapo kwenye kusubiri kuna mtego. Unaandika sheria kwamba video zipite faiba tu. Faiba inakufa, unatarajia video zife nayo. Hazifi. Kwa mipangilio inayokuja na pfSense, lango likihesabiwa limekufa, sheria inabaki lakini linafutwa lile sharti la lango, basi video zinafuata njia ya kawaida ya mashine, yaani redio uliyokuwa unailinda. Kuna kisanduku kwenye mipangilio ya juu kinachosema sheria isiundwe kabisa lango likiwa chini. Hata ukikitia alama, pakiti ambayo sheria yake haipo itaendelea kushuka hadi sheria inayofuata, kwa hiyo weka chini yake sheria ya kuzuia. Sheria husomwa kutoka juu kwenda chini. Ya kwanza kulingana ndiyo inayoshika.

Jambo jingine la kugawana mzigo ni wahasibu. Zipo tovuti za benki, na mifumo mingine ya malipo, zinazofunga kikao cha mtumiaji na anwani aliyoingia nayo. Mhasibu anaingia kwa faiba, anabofya, ukurasa unaofuata unapita redio. Mfumo unaona anwani ngeni, unamtoa nje. Anaingia tena, anatolewa tena. Atakuja mezani kwako akilalamika intaneti ni mbovu, nawe utapima kasi uone ni nzuri ajabu. Kuna chaguo la kumnasa mtu kwenye laini moja maadamu ana miunganisho hai, linasaidia. Lakini dawa ni kuwatoa wahasibu kwenye kugawana na kuwapeleka kwenye kundi la kupokezana. Hawahitaji kasi, wanahitaji anwani moja.

Sasa, faiawali inajuaje kwamba laini imekufa? Inapiga pingi, yaani inatuma ujumbe mdogo na kungoja jibu. Kwenye pfSense kazi hiyo hufanywa na programu ndogo iitwayo dpinger, mara mbili kila sekunde, na wastani huchukuliwa kwa dakika moja iliyopita. Bila kugusa chochote, pakiti zinazopotea zikizidi asilimia 20, au majibu yakichelewa zaidi ya milisekunde 500, laini inahesabiwa imekufa. Asilimia 20 ya dakika ni sekunde 12. Ongeza zile mbili za kungoja kabla pakiti haijaitwa imepotea, unapata kama robo dakika tangu waya ukatwe hadi laini itangazwe. Wengine hukimbilia kuipunguza. Mimi naona robo dakika inavumilika. Ukibana mno, laini iliyojaa tu itaonekana imekufa, watu watahamishwa, msongamano utaisha, laini itafufuka, watu watarudishwa, itajaa tena. Nimeona logi ya namna hiyo, laini inakufa na kufufuka asubuhi nzima, na hakuna waya uliokatika popote.

Swali kubwa zaidi ni nani anayepigiwa hiyo pingi. Usipoandika kitu, anapigiwa jirani wa kwanza, ambaye mara nyingi ni modemu ya mtoa huduma iliyo ndani ya kabati lako mwenyewe. Modemu hiyo itajibu kwa milisekunde moja hata kama nguzo ya kwanza barabarani imeanguka. Taasisi moja, sitaitaja, ilikaa nusu siku bila mtandao huku laini ya pili ikiwa nzima haina kazi, kwa sababu modemu ilikuwa inaitikia, na faiawali ikaamini. Pima kitu kilicho mbali kuliko mtoa huduma wako: 1.1.1.1, 8.8.8.8, au seva unayoitegemea kweli. Kila laini iwe na chake, na hapa napenda tuende polepole. pfSense ikipewa anwani ya kupima, inaweka njia ya kudumu kwamba anwani hiyo ifikiwe kwa laini hiyo tu. Ukiipima faiba kwa 8.8.8.8, na DNS ya ofisi nzima, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, ukaielekeza 8.8.8.8 hiyohiyo, faiba ikifa hata maswali ya DNS yanakwenda kufia hukohuko. Redio inafanya kazi, pingi kwa namba zinajibu, lakini hakuna jina linalofunguka. Andika DNS mbili, kila moja upande wake.

Wenzetu wa hospitali za wilayani wenye setelaiti kama akiba, sikilizeni hili. Setelaiti ya kawaida ya VSAT iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Pingi inapanda, inashuka, jibu linapanda, linashuka. Mwanga peke yake unakula karibu milisekunde 480 kabla mashine yoyote haijafanya lolote, na kwa kawaida utaona 600 na zaidi. Kiwango cha kiwandani ni 500. Maana yake akiba yako ya dhahabu imehesabiwa maiti tangu siku ilipofungwa, na siku faiba itakapokatika haitaitwa. Nenda kwenye lango hilo, pandisha viwango, weka hata 1500. Ni kazi ya dakika moja.

Na jueni kwamba laini ikibadilika, miunganisho iliyokuwa hewani haivuki nayo. Muunganisho wa TCP unatambulika kwa anwani na namba za bandari za pande zote mbili. Ukitoka faiba kwenda redio, anwani yako ya nje imebadilika. Seva ya upande wa pili haikujui tena. Anayesoma tovuti hatahisi kitu, atabofya upya. Aliye katikati ya kupakia faili ataanza mwanzo. Wa ajabu ni simu za ofisini. Simu ya SIP, yaani inayopita mtandaoni, hutuma kijisalamu kila baada ya sekunde kadhaa, na kijisalamu hicho kinaihuisha ile rekodi ya zamani kwenye faiawali, inayoelekeza kwenye laini iliyokwisha kufa. Kompyuta zote zimerudi mtandaoni, simu zimeduwaa, hadi mtu aziristati. Ipo sehemu ya kuiambia faiawali ifute rekodi za lango linapokufa. Iwasheni.

Hadi hapa ni laini. Mashine yenyewe je?

Mbinu inayotumika kwenye jamii hii ya faiawali ni CARP, itifaki ya mashine mbili kupokezana anwani moja. Historia yake ina kisa kidogo chenye faida. Kulikuwa na itifaki ya kazi hiyohiyo, HSRP ya Cisco, kisha ikaja VRRP kama kiwango cha wote mwaka 1998, lakini kukawa na mzozo wa hataza za Cisco. Watu wa mfumo endeshi wa OpenBSD hawakutaka kuishi chini ya hataza ya mtu, wakaandika yao, ikatoka na OpenBSD 3.5 Mei 2004. Waliomba namba rasmi ya itifaki, hawakuipata, wakaamua kutumia 112, ileile ya VRRP. Na anwani ya kadi ya mtandao inayoigizwa ni ya familia ileile, 00:00:5e:00:01, ikimaliziwa na namba ya kundi la mashine zinazopokezana. Kwa hiyo hadi leo, ukiacha namba ya kundi 1 upande wa nje, na ruta za mtoa huduma zinatumia VRRP namba 1 kwenye swichi hiyohiyo, mtagombania anwani moja na wote mtaumia. Chagueni namba isiyo ya kawaida, muulize na upande wa pili.

Utendaji wenyewe ni rahisi. Mashine mbili, mkuu na msaidizi. Kila moja ina anwani yake, na juu yake ipo anwani ya pamoja, hiyo ndiyo kompyuta zote zinaijua kama lango. Mkuu anatangaza uhai wake kila sekunde kwa anwani ya kundi, 224.0.0.18. Msaidizi anasikiliza. Matangazo matatu yakipita kimya, anaichukua anwani ya pamoja. Sekunde tatu na kitu.

Ona basi kwamba kila mtandao unahitaji anwani tatu. Ndani hilo si tatizo, anwani za bure zimejaa. Nje ndipo mnapokwama, kwa sababu watoa huduma wengi hutoa /30: anwani mbili, moja yao, moja yako. Hapo jozi haikai vizuri. Omba /29, utapata sita, wao wakichukua moja unabaki na tano. Omba kabla ya kusaini mkataba; baada ya kusaini utaambiwa ujaze fomu.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hii ndiyo ajali kuu ya CARP. Msaidizi asiposikia matangazo, haimaanishi mkuu amekufa. Labda swichi iliyo katikati inayameza. Swichi nyingine zikiwashwa uchujaji wa IGMP, unaochagua nani apelekewe ujumbe wa kundi, huyazuia matangazo hayo. Kama faiawali zenu ni mashine pepe, yaani za programu ndani ya kompyuta moja halisi kama kwenye VMware, swichi pepe nayo itakataa anwani ya kadi isiyoitambua hadi uiruhusu kwa mkono. Matokeo ni wakuu wawili kwa wakati mmoja. Dalili yake ni ya kuudhi: nusu ya ofisi inafanya kazi, nusu haifanyi, na nusu hizo zinabadilishana. Ukiona hivyo fungua ukurasa wa hali ya CARP kwenye mashine zote mbili. Zikisema zote ni mkuu, usiguse faiawali, nenda kwenye swichi.

Kati ya mashine hizo mbili kuwe na waya wa peke yake kwa ajili ya pfsync, inayonakili daftari la miunganisho kutoka kwa mkuu kwenda kwa msaidizi. Usiupitishe kwenye swichi ya ofisi: ujumbe wake hauna nywila wala uthibitisho, na anayeweza kuandika humo anaweza kujiandikia miunganisho. Ukiufunga vizuri, hapa ndipo uzuri unapoonekana. Kwa kuwa anwani ya nje ya pamoja haibadiliki, mkuu akifa katikati ya upakuaji, upakuaji unasimama sekunde chache na kuendelea. Tofauti kabisa na kubadilisha laini.

Kila nikieleza hivi mtu huuliza: mbona ile ya pili imekaa bure, kwa nini zote zisifanye kazi? Kwanza ni hesabu ileile ya chuo: mbili zenye mzigo wa asilimia 60 kila moja, ikifa moja, iliyobaki inadaiwa 120. Pili, faiawali inayoweka daftari inataka kuona kwenda na kurudi. Pakiti ikitokea mashine ya kwanza, jibu likarudia ya pili kabla daftari halijanakiliwa, jibu linatupwa. Zipo mashine za bei kubwa zinazolimudu hilo. Kwa taasisi zetu, ile iliyokaa bure ina kazi moja inayonilipia gharama yote: ninasasisha faiawali mchana. Naanza na msaidizi, anawaka upya hakuna anayejua. Namhamishia zamu, nasasisha mkuu, narudisha. Wangapi humu wana faiawali ambayo haijasasishwa kwa sababu hakuna saa ya kuizima? Naona mikono, na mingine imebaki chini kwa aibu.

Sasa nirudi kwenye akiba. Jozi iliyochomekwa kwenye UPS moja ni mashine moja. Laini mbili zinazopita mtaro mmoja kando ya barabara moja ni laini moja, na greda la barabara halisomi mikataba. Hilo mnalijua. Lakini nendeni mbali zaidi. Mikongo ya intaneti ya chini ya bahari, SEACOM, iliyowashwa Julai 2009, na EASSy ya mwaka uliofuata, yote inatua hapa Dar es Salaam. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 yote miwili ilikatika pwani ya Afrika Kusini. SEACOM ilikuwa tayari imeumia upande wa Bahari ya Shamu tangu Februari, pamoja na mikongo mingine ya AAE-1 na EIG, kwenye tukio linalohusishwa na nanga ya meli Rubymar, iliyokuwa imepigwa kombora na Wahouthi ikawa inaelea. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Jumatatu asubuhi, ofisi yenye watoa huduma wawili, mmoja wa faiba na mwingine wa simu, ingeweza kuona laini zote mbili zinayumba pamoja, kwa kuwa kampuni mbili tofauti zilikuwa zinategemea mikongo ileile kusini. Kenya ilikuwa na nafuu kiasi kupitia TEAMS, unaotoka Mombasa kwenda Fujairah, ingawa nao TEAMS uliwahi kukatwa na nanga ya meli Mombasa Februari 2012. Hakuna mkongo mtakatifu.

Siku kama ile faiawali yako haitakuwa na msaada mkubwa, lakini swali la kumuuliza mtoa huduma lipo, nalo halihusu megabiti: ukitoka nje ya nchi unatumia mkongo upi, na ukikatika unahamia upi? Waulize wote wawili kwa barua, majibu uyaweke mezani yatazamane. Akijibu kwamba ana mbadala, uliza ni wa ukubwa gani. Maana wao pia wana ile hesabu ya 60 kuingia kwenye 20.

La mwisho ni majaribio, na nayasema kwa sababu wengi hujaribu kwa kubofya kitufe cha kuzima lango kwenye menyu. Huko ni kuiambia faiawali jibu kabla ya mtihani. Chagua Jumamosi, waarifu watu. Fungua pingi isiyokoma kwenye kompyuta moja, kwenye nyingine anza kupakua faili kubwa, na mtu mmoja awe kwenye simu ya ofisi anaongea. Chomoa umeme wa mkuu, wala usimzime kistaarabu. Utaona pingi tatu au nne hazijibu, kisha zinarudi. Aliye kwenye simu atasikia ukimya mfupi na kuuliza kama bado upo. Rudisha. Kisha usichomoe waya wa faiba unaoingia kwenye faiawali. Nenda kachomoe ule unaoingia kwenye modemu kutoka nje, ili faiawali ione modemu iko hai na kilicho nyuma yake kimekufa. Huu ndio mtihani unaofelisha wengi. Ukishahamia redio, usirudi haraka. Kisha rudieni siku ya kazi, iacheni ofisi ikae humo saa nzima, mwone kama zile megabiti 20 zinatosha kwa wale mliokubaliana wapite. Kurudi nako kuangalieni: laini ya akiba kama ni ya bando, miunganisho ya zamani inaweza kuendelea kulila bando hilo muda mrefu baada ya faiba kupona.

Mashine mbili hizi hapa mezani zimefungwa CARP, na projekta hii inapata mtandao kupitia kwao. Naomba kijana mmoja aje achomoe umeme wa ile ya kushoto, halafu tuanze maswali.